Mganga Hajigangi: Tafakuri ya Aliyekaa Benchini

Mganga hajigangi. Methali hii tulifunzwa katika shule ya upili pamoja na ndugu yake, kinyozi hajinyoi, na maana tuliyopewa ilikuwa moja: mtu hata awe bingwa wa fani yake, hana budi kumhitaji mwenzake. Tuliiandikia insha, tukapewa alama, tukaendelea na mengine. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipokitazama kitenzi chenyewe. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakipa kitenzi ganga maana ya kutibu, lakini inakipa pia maana ya kufunga pamoja na kuunga kitu kilichovunjika au kupasuka. Gango, nalo, ni kifaa cha kuungia. Tangu hapo methali ile imekuwa ikinisumbua. Ikiwa mganga hajigangi, nani humganga? Na asipogangwa, hao anaowaganga hupata nini?

Maswali haya yangebaki ya darasani lau si maradhi ya shangazi yangu. Kati ya Novemba 2023 na Oktoba 2024 nilimsindikiza mara kwa mara katika kliniki ya saratani. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, wala si mtu wa tiba. Niliyo nayo ni macho na masikio ya mtu aliyekaa benchini saa nyingi bila la kufanya. Na mwanafunzi wa fasihi asiye na la kufanya husikiliza mazungumzo ya watu. Hospitali yenyewe sitaitaja, wala watu wake, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Msomaji aridhike kujua kwamba imo katika Bonde la Ufa.

Kwetu ni Longonot, chini ya mlima wenye jina hilo, ambao kilele chake kimefikia mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Ni mahali pa ajabu kwa mambo ya mawasiliano. Mwaka 1970 kilifunguliwa huko kituo cha setilaiti, na madishi yake makubwa yakaiunganisha Afrika Mashariki na mabara mengine. Shangazi, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza viazi na njegere kando ya barabara itokayo Mai Mahiu kwenda Naivasha, alikua akiyaona madishi hayo. Jibu la kipande cha nyama kilichokatwa kwenye umio wake lilichukua wiki tano kumfikia. Nalisema hilo kwa kupita tu.

Saratani ya umio si ngeni katika Bonde la Ufa. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwawekea wagonjwa vijibomba vya kuupanua umio ili chakula kipite. Ugonjwa wenyewe huja kwa hila. Mtu hushindwa kumeza ugali, akahamia wali, kisha uji, mwishowe chai, na muda wote huo jamaa husema ni vidonda vya tumbo. Shangazi alipomfikia daktari bingwa alikuwa amefika kwenye uji. Tuliambiwa mapema, na kwa upole, kwamba dawa atakazopewa zilikuwa za kumpa nafuu na muda, wala si za kuing'oa saratani. Yeye aliuliza muda gani. Daktari alisema hajui, na shangazi akampenda kwa jibu hilo.

Haikuwa nadra yake peke yake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya 42,116 wa saratani nchini Kenya na vifo 27,092 kwa mwaka huo mmoja. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali ya umma katika sehemu zetu aliyehitaji tiba ya mionzi alielekezwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, na foleni yake ilihesabiwa kwa miezi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ilipitishwa mwaka 2012, lakini ni mwanzoni mwa miaka ya 2020 tu ndipo mionzi ilipofika katika hospitali kuu ya Nakuru. Mashine huandikwa magazetini zinapowasili. Watu watakaozisimamia, na watakaokaa na wagonjwa wasioweza tena kusaidiwa na mashine yoyote, hawaandikwi sana. Hata katika fasihi yetu hali ni hiyo hiyo. UKIMWI umepata riwaya zake, Ua la Faraja ya W. E. Mkufya (2004) ikiwamo. Ila katika nyingi ya kazi nilizosoma, daktari au muuguzi hutokea mlangoni, hutoa habari mbaya, kisha mwandishi humwacha aende zake. Hakuna anayemfuata hadi nyumbani.

Siku ya dawa huanza kwenye mizani. Nilidhani kupimwa uzito ni jambo la desturi tu, la kumshughulisha mgonjwa wakati daktari hajafika. Kumbe dozi ya dawa nyingi za saratani hukadiriwa kwa eneo la mwili, hesabu itokanayo na uzito na kimo. Mgonjwa wa umio hupungua kati ya ziara moja na nyingine, kwa hiyo aliyeusoma uzito visivyo amekwisha kuiharibu dawa kabla haijaandikwa. Daktari huandika. Mfamasia huchanganya ndani ya kabati maalumu linalofyonza hewa, maana matone ya dawa hizo humdhuru hata anayezitengeneza. Kisha wauguzi wawili husimama kando ya kiti cha mgonjwa na kusomeana kwa sauti: jina kamili, nambari ya faili, jina la dawa, kipimo, njia ya kuipitishia. Mmoja husoma, wa pili huitikia. Mimi niliisikia kama ngonjera. Muuguzi mmoja, nilipomwambia hivyo, alicheka akasema kuwa katika ngonjera yao anayekosea beti hafi yeye, hufa mwingine. Akanieleza habari za vinkristini, dawa ambayo ikidungwa mshipani huwaokoa wengi, na ambayo ikipenyezwa kimakosa katika uti wa mgongo huua. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu yake mwaka 2007.

Ushirikiano huu ulikuwa na fomu, ulikuwa na saini mbili, na ulifanya kazi. Sikuwahi kuona wakiuruka hata siku ambayo viti vyote vilijaa na wengine wakadungwa dawa wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Nasema hili mapema ili nisije nikadhaniwa kuwa nawalaumu. Lakini upo ushirikiano mwingine usio na fomu, na huo ndio ulionifanya niandike.

Alikuwapo katika kliniki ile mfagiaji mmoja, kijana wa makamo ya miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa upande wa Narok. Hakuwa mwajiriwa wa hospitali bali wa kampuni iliyopewa zabuni ya usafi, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alijua Kimaasai, ambayo ndiyo lugha ya mama yake, alijua Kikuyu cha sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi tunaokisomea. Kila alipokuja mgonjwa asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, mtu alichungulia ukumbini na kumwita. Aliegemeza ufagio ukutani, akanawa mikono, akaingia. Alipotoka aliuchukua ufagio wake. Katika hesabu za kliniki alikuwa mfagiaji. Katika maisha ya wagonjwa wengi alikuwa ndiye daktari, kwa kuwa sauti waliyoisikia ikisema habari zao ilikuwa yake.

Siku moja mwezi Februari 2024 aliitwa kwa ajili ya mzee wa Kimaasai aliyetoka upande wa Suswa. Mtoto wake wa kiume, ambaye kwa kawaida alimleta, hakuja siku hiyo. Mlango ulikuwa wazi nusu, nasi tulikuwa hatua nne kutoka hapo. Daktari, kijana ambaye tangu asubuhi alikuwa ameona watu zaidi ya thelathini, alimwambia mfagiaji: "Mwambie dawa haifanyi kazi tena. Tutampa za maumivu." Hayo tu. Tafsiri yake ilichukua muda mrefu sana. Mfagiaji alisema, mzee akanyamaza. Alisema tena, mzee akauliza. Kisha kukawa na kimya kirefu, na mfagiaji akamtazama daktari kana kwamba ataka kumwambia kitu. Daktari alikuwa akiandika. Mfagiaji akamjibu mzee mwenyewe.

Baadaye nilimkuta nyuma ya chumba cha kufulia, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa akiniita mwalimu, ingawa sijawahi kumfundisha mtu. "Mwalimu," aliniambia, "mzee ameniuliza kama auze ng'ombe waliobaki aende Nairobi. Daktari hakuniambia habari za ng'ombe."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia asiuze."

Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nadhani alikosea. Sikuwa na jibu. Lakini nililijua swali lake, maana ni swali kongwe la wafasiri: yale ambayo matini hayakusema, mfasiri anaruhusiwa kuyasema? Darasani tunalijadili swali hilo kwa mifano ya tamthilia za Shakespeare alizozitafsiri Mwalimu Nyerere. Pale lilikuwa limemwangukia mtu asiyepata hata siku moja ya mafunzo, asiyelipwa kwa kazi hiyo, na ambaye jioni angerudi kwenye chumba cha kupanga na kulala nalo. Aliniambia alikuwa halali vizuri tangu Krismasi. Hakuwa ameambia mtu yeyote kliniki, kwa sababu, na haya ni maneno yake, wao ndio wenye kazi, yeye ni wa ufagio.

Wataalamu wa saikolojia wanalo jina la hali ya mhudumu anayekauka kwa kazi yake. Mmarekani Herbert Freudenberger aliiandikia mwaka 1974, na Christina Maslach na mwenziwe wakatoa kipimo chake mwaka 1981. Katika kipimo hicho mna dalili tatu: moyo kuchoka hadi usiwe na cha kutoa, mgonjwa kuanza kuonekana kama kitu badala ya mtu, na mhudumu kuamini kwamba afanyalo halina faida. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza hali hii katika orodha yake ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama tatizo la kazini. Nilizitafuta dalili hizo pale benchini kwa udadisi wa mwanafunzi. Ya pili ndiyo iliyo rahisi kuisikia, kwa sababu ni ya lugha. Asubuhi wauguzi walimwita shangazi cucu, au mama wa Longonot. Saa nane mchana alikuwa umio wa kiti cha tatu. Hakukuwa na ubaya moyoni mwa aliyesema hivyo. Alikuwa amefikisha saa ya tisa bila kula.

Lakini nadhani jina la uchovu halitoshi, na hapa natofautiana na wanaodhani kuwa dawa ya mambo haya ni kupumzika. Mwaka 1984 Andrew Jameton, aliyeandika juu ya maadili ya uuguzi, alieleza aina nyingine ya mateso: mhudumu anajua lililo sawa, lakini taasisi inamzuia kulitenda. Jirani zetu wa Uganda walionja hilo wazi wazi. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967, karibu miaka kumi baada ya Denis Burkitt kueleza, hapo hapo Kampala, uvimbe wa taya za watoto uliokuja kuitwa kwa jina lake. Waganda waliiendesha taasisi hiyo hata baada ya wataalamu wa Kimarekani kuondoka enzi za Idi Amin. Kisha mwaka 2016 mashine ya pekee ya mionzi iliyokuwa Mulago ikaharibika isitengenezeke. Mhudumu aliyemkabili mgonjwa asubuhi ile hakuwa amechoka tu. Alijua tiba ipo duniani, alijua jinsi ya kuitoa, na alitakiwa kumwambia mtu arudi nyumbani. Likizo ya wiki mbili huponya uchovu. Sijui kama inaponya hilo.

Kwetu nako kulikuwa na mwaka wake. Mgomo wa madaktari ulianza tarehe 14 Machi 2024 ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56, na kiini chake kilikuwa malipo na ajira ya madaktari wanagenzi. Waliokumbuka mwaka 2017, ulipomalizika mgomo wa madaktari wa siku 100 na kufuatwa na ule wa wauguzi wa takriban miezi mitano, walisema huu ni mfupi. Kwa mgonjwa wa saratani hakuna mgomo mfupi. Hata hivyo sikumsikia shangazi akiwalaani. Alisema mwuza viazi asiyelipwa naye hufunga kibanda. Wauguzi waliobaki kliniki walijibu maswali ambayo hayakuwa yao kujibu, na wiki ya tano ya mgomo mmoja wao aliomba uhamisho kwenda wadi ya wazazi. Alimwambia mwenzake, nasi tukisikia, kwamba alitaka kwenda mahali ambapo watu hulia kwa sababu mtu amekuja.

Huyo alikuwa yule aliyezoea kumpata mshipa wa shangazi kwa mara ya kwanza. Baada yake shangazi alidungwa mara tatu, mara nne, mikono ikawa na madoa ya zambarau. Hapo ndipo ustawi wa wafanyakazi ulipoacha kuwa mada kwangu, ukawa mkono wa shangazi.

Kilichobadilisha mambo, kwa kadiri yalivyobadilika, ni sista aliyekuwa msimamizi wa kliniki. Mwezi Juni, mgomo ulipokwisha, alitangaza kwamba kila Jumatano saa saba na nusu mchana kliniki itafungwa kwa dakika ishirini na tano, na wote wanaofanya kazi humo waje kunywa chai chumba cha nyuma. Neno lililozua ubishi ni wote. Alimaanisha daktari, mfamasia, wauguzi, karani wa mafaili, mlinzi na mfagiaji. Daktari mmoja alipinga akisema mambo ya wagonjwa ni siri na hayawezi kusemwa mbele ya mfagiaji. Sista, kwa namna nilivyosimuliwa, alimjibu kwamba siri zote za wagonjwa wa Kimaasai zimepita mdomoni mwa mfagiaji huyo, kwa amri ya daktari mwenyewe.

Sikuwamo katika vikao hivyo. Jamaa wa mgonjwa hana nafasi humo. Niliyo nayo ni ya kusimuliwa na wawili, mfagiaji na sista, na simulizi zao hazikupishana sana. Kikao cha kwanza watu walikunywa chai wakazungumzia mshahara. Cha pili hivyo hivyo. Katika cha tatu mfagiaji alisema habari za ng'ombe wa mzee wa Suswa. Alisema, "Niliamua mambo ya mali ya watu, na mzee amekufa, na sijui." Yule daktari kijana aliweka kikombe chini. Alisema siku ile alijua kwamba sentensi yake ilikuwa fupi mno, na kwamba aliifupisha makusudi, kwani angeirefusha asingeweza kumwona mgonjwa aliyefuata. Alisema pia kwamba, kama angeulizwa yeye, naye angejibu asiuze. Mfagiaji aliniambia usiku huo alilala.

Sista yule hakuwa amesikia habari za Boston, lakini alichofanya kina ndugu yake huko. Kenneth Schwartz, wakili aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, aliacha nyuma yake kituo chenye jina lake, na kutoka humo ikatokea desturi ya vikao ambamo wafanyakazi wa hospitali, wa tiba na wasio wa tiba, hukaa pamoja kusema jinsi kazi inavyowagusa. Vikao hivyo vilianza mwaka 1997 na vimeenea nchi nyingi. Huko wana fedha na waratibu. Hapa palikuwa na chai ya rangi, kwa kuwa maziwa yalitegemea nani amepokea mshahara.

Nisieleweke kuwa nasema chai hutibu. Nimechoshwa na mabango ya ukumbini yaliyoandikwa umoja ni nguvu na kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii ya pili ni ya kweli, ila haituambii ni ukucha wa nani unaobaki na damu. Kikao cha Jumatano kingekuwa bango jingine lau kisingezaa mabadiliko ya kazi yenyewe. Yalizaliwa matatu au manne. Ilikubaliwa kwamba habari mbaya haitolewi na mtu mmoja aliye peke yake, na kwamba anayetafsiri huambiwa kwanza, faraghani, kitakachosemwa, na hupewa ruhusa ya kusema "hili sijui, ngoja nimwulize daktari." Ruhusa hiyo ya kusema sijui ndiyo iliyomwondolea mfagiaji ng'ombe mabegani. Wauguzi wakapangwa zamu ili mmoja asikae kwenye viti vya dawa siku tano mfululizo. Na karani akafungua daftari la majina ya waliofariki, likawa linasomwa mwanzo wa kila kikao, kwa sababu hapo awali mgonjwa alikuwa anaacha tu kuja na hakuna aliyejua kama amehamia kliniki nyingine au amezikwa.

Jambo ambalo hawakuweza kulibadilisha ni mamlaka. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004, wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wameruhusiwa kisheria kuandika mofini, na kazi ya Anne Merriman aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 ilichangia sana kufikia hapo. Huo nao ni ushirikiano, tena wa dhati: anayekuwa karibu na maumivu ndiye anayeshika kalamu. Katika kliniki yetu muuguzi alimwona mtu akijipinda kwa maumivu saa kumi na moja jioni, akajua dawa na kipimo, kisha akaanza kumtafuta daktari kwa simu. Jameton angeitambua sura yake.

Nirudi kwenye taaluma yetu, maana jarida hili si la tiba. Lugha ya Kiswahili inayo salamu ambayo wageni hushindwa kuitafsiri: poleni na kazi. Kwa salamu hiyo tunakiri, kabla ya neno lolote, kwamba kazi ni mzigo na kwamba tumeuona mzigo huo. Shangazi aliitoa kwa kila mtu aliyemkaribia, kuanzia mlinzi. Nilihesabu siku moja, kwa kukosa la kufanya, ni wangapi kati yetu wa benchini waliowaambia wauguzi hivyo. Tulikuwa ishirini na wawili. Walioisema ni watatu, wote wazee. Sisi vijana tulisema "sista, tumekaa sana."

Na lipo la istilahi. Vyama vyetu vimeshughulika na majina ya tarakilishi na sehemu zake, na ni vyema. Lakini hali aliyoieleza Freudenberger haina jina tuliloafikiana, na wauguzi wamejitungia lao: husema "nimeisha." Ni kitenzi kizuri, wala sioni kwa nini kamati ikitafutie kingine. Kilichonishughulisha zaidi ni sarufi. Katika hajigangi mna kiambishi ji kinachomrudisha mtu kwake mwenyewe, na wakubwa wanapozungumzia ustawi wa wafanyakazi husema kwa kiambishi hicho hicho: jitunze, jipumzishe, jiangalie. Lugha ina kauli nyingine ya pili, ile ya kutendana, na katika kauli hiyo kugangana ni neno halali kabisa. Methali haikusema kwamba mganga hagangwi. Imekataa ji tu, na ikaacha mlango wa ana wazi. Waliokaa chumba cha nyuma Jumatano, mwenye shahada tatu na asiyemaliza darasa la nane, walikuwa wamepita mlango huo bila kuhitaji mtu wa isimu awaonyeshe.

Tulichoweza kufanya sisi ni kidogo. Wanafunzi wanne wa idara yetu, wawili wakiwa wasemaji wa Kimaasai na mmoja wa Kikalenjin, tuliandaa pamoja na mfagiaji orodha ya maneno na sentensi themanini hivi: uvimbe, kuenea, tiba ya kupunguza maumivu, dawa hii haiponyi lakini inasaidia, unataka nani awepo tukizungumza. Mengi yalikuwa na mzozo. Tuligundua kwamba katika vijiji vyetu wengi hawasemi saratani wala kansa, husema ugonjwa ule, na kwamba mfasiri akilitaja jina mapema mno husababisha mgonjwa asisikie chochote kinachofuata. Hilo hatukulitoa kitabuni. Alitufundisha mfagiaji, akiwa ameegemea ufagio.

Shangazi alifariki nyumbani Longonot mwezi Oktoba 2024, wiki mbili baada ya bima ya zamani ya afya kuondolewa na mpya kuingia, jambo lililotupa safari kadhaa za makaratasi ambazo nisingemtakia mtu. Baada ya mazishi nilirudi kliniki kuipeleka chupa ya mofini iliyobaki, kama tulivyokuwa tumeelekezwa. Sista hakuwapo. Alikuwa amechukua likizo, ya kwanza baada ya miaka miwili, na barua yake ya kuomba nyongeza ya muuguzi mmoja ilikuwa bado haijajibiwa. Wauguzi wawili waliichukua chupa, wakamimina yaliyomo katika kipimo, mmoja akasoma kiasi kwa sauti na wa pili akaitikia, kisha wote wakatia saini. Waliniuliza tarehe ya kifo, na karani akaandika jina la shangazi kwenye daftari lake. Ilikuwa Jumanne. Mfagiaji alikuwa ndani na mgonjwa, mlango ukiwa umefungwa, na daktari alikuwa amevuta kiti akaketi upande wake.